Kabla ya Kulipa Karo ya Altrasaundi



Wengi wetu, hasa dada zetu, twataka kusomea altrasaundi. Ni kazi nzuri, na mama mjamzito wa kwetu hustarehe akipimwa na mwanamke mwenzake. Lakini usidanganywe na bango la "kozi ya wiki sita". Altrasaundi haitumii miale kama eksirei. Hutumia mawimbi ya sauti, na picha yategemea mkono wa anayepima. Mkono haufunzwi kwa kusoma tu.

Basi uliza mambo matatu. Je, chuo kimesajiliwa na cheti chake chatambulika? Je, nitapima wagonjwa hospitalini, mwalimu akiwa kando yangu? Je, naanzia ngazi gani? Pale KMTC, kwa mfano, aliyemaliza KCSE huanza na diploma ya upigaji picha za matibabu, miaka mitatu, ndipo aende diploma ya juu ya altrasaundi.

Njia ni ndefu, ndiyo. Lakini usipoiona mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, mama aweza kufa. Hiyo ni amana. Wazazi, ulizeni kwanza, karo baadaye.

Wabillahi tawfiq.