Barua Iliyolala Sandukuni

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wageni wao, baada ya chakula cha mchana, Ntalikwa, Tabora



Mwenyekiti aliponiandikia kuniomba nizungumze, alinipa maneno haya: "Utumishi wa Mkristo katika mambo madogo ya kila siku." Akaongeza kwamba nisizidishe dakika ishirini, maana ananifahamu tangu Kidato cha Kwanza. Nikamjibu kwamba nitazungumza, kwa sharti moja: mkutano wa mwaka huu ufanyike Ntalikwa na si mjini. Hakuniuliza sababu. Leo nitaitaja.

Ndugu zangu, hapa tulipoketi ni nchi ya njia. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, kila kilichotoka Bagamoyo kwenda Ujiji kilipita Unyanyembe, kichwani na mabegani mwa watu. Babu zetu Wanyamwezi walijulikana kwa kazi hiyo. Mtu mmoja alichukua mzigo wa kilo thelathini na zaidi, akatembea nao miezi mitatu. Katika njia hiyo hiyo yalipita pia mateso ya watumwa, nasi hatupaswi kuyasahau tunapojisifia historia yetu.

Mnakumbuka tulivyofundishwa habari za Dakta Livingstone, aliyekaa pale Kwihara mwaka 1872 akingoja wapagazi. Alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake, wakapita hapa Unyanyembe, wakaufikisha Bagamoyo mwanzoni mwa mwaka 1874. Hakuna aliyewaamuru. Walikuwa wamekabidhiwa mtu, wakamfikisha. Mimi niliyajua hayo yote kwa moyo, na katika mtihani wa historia nilipata alama nzuri sana. Sasa nitawaeleza jinsi nilivyoshindwa kufikisha karatasi moja.

Mwaka 1981 nilikuwa Kidato cha Tatu. Wale wa wakati huo mnakumbuka hali ilivyokuwa: sabuni ya shida, sukari ya shida, mafuta ya taa ya shida. Kikundi chetu cha wanafunzi Wakristo kilikuwa na desturi ya kuja Ntalikwa Jumamosi moja moja kuwasaidia wazee. Tulianza safari alfajiri kwa miguu. Tulichota maji, tulipasua kuni, tulirudishia nyasi zilizopeperuka juu ya nyumba. Nasi tulikuwa na daftari. Katibu wa kikundi aliandika kila kitu: madebe ya maji 22, mizigo ya kuni 9, nyumba iliyotengenezwa 1. Mwisho wa mwezi daftari lilisomwa mbele ya shule nzima, nasi tulisimama mstari tukipigiwa makofi. Sisemi makofi ni dhambi. Nasema tulianza kuyapenda kuliko wazee.

Mimi nilipangiwa mzee mmoja ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha. Tulimwita Babu tu, nami nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa Mwislamu, mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza tulimwomba ruhusa tumwombee. Akacheka, akasema, "Ombeni, wajukuu zangu. Mungu hasumbuliwi na lugha."

Mlangoni kwake palikuwa na mtungi wa maji na kata juu yake, kwa ajili ya mpita njia yeyote. Nilimwuliza sababu, kwani maji yenyewe hakuweza kuyateka, na njia ya misafara ilikwisha kufa zamani. Akanieleza. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya Wabelgiji kuiteka Tabora mwaka 1916, yeye akiwa kijana alichukuliwa kubeba mizigo ya askari. Huko mbali akashikwa na kuhara damu, wenzake wakamwacha chini ya mti, wakijua amekwisha. Mwanamke mmoja wa nchi ile, ambaye hawakuelewana hata neno, akamletea uji. Kesho yake akaleta tena. Akaleta hivyo mpaka alipoweza kusimama. "Sikulijua jina lake," Babu alisema. "Kwa hiyo siwezi kumlipa. Nawalipa wanaopita."

Nami nilijiona mwema kwa kumchotea madebe mawili kwa Jumamosi. Lakini aliyemweka hai Babu alikuwa mama jirani yake, aliyempelekea uji kila asubuhi kabla hajaenda shamba, na hakuwa na daftari.

Jumamosi tarehe 14 Machi, Babu alinitolea barua. Ilikuwa imefika ofisi ya kijiji, na katibu wa kijiji alikwisha kumsomea. Ilitoka kwa mwanawe aliyeondoka mwaka 1959 kwenda kukata mkonge Korogwe. Miaka mingi walikuwa wamepotezana. Mtoto aliandika kwamba amesikia watu walihamishiwa katika vijiji, hajui wazazi wake walihamia wapi, wala kama wapo hai. Kama hapati jibu, atajua kwamba hakuna tena wa kumjibu.

Babu aliyataka majibu yaandikwe na sisi wa shule, kwa sababu tuna karatasi, na posta iko karibu nasi. Nikakaa chini, nikaandika alivyosema. Maneno hayo sijayasahau: "Mimi nipo. Macho yamekwenda, masikio bado. Njoo nikusikie." Kisha akafungua ncha ya kitambaa chake, akanipa sarafu za stempu. Nikamwahidi kwamba Jumatatu barua itakuwa posta. Jioni ile katibu wetu akaandika katika daftari: "Barua 1."

Ndugu zangu, barua ilikwisha kuandikwa. Ilikosa bahasha na stempu tu. Lakini tulipokuwa tukirudi tulipita mahali mama mmoja alipokuwa akiuza maandazi, nami nilikuwa na njaa. Nikasema moyoni, nitalipa stempu kwa fedha yangu wiki ijayo. Wiki iliyofuata yalikuwepo mashindano ya mabweni. Iliyofuata, majaribio ya hesabu. Mara mbili niliiona barua ndani ya sanduku langu chini ya mashati, na mara mbili nilifunga sanduku haraka. Mwezi ulipokwisha, daftari lilisomwa mbele ya shule, na "barua moja" ikapigiwa makofi pamoja na madebe. Nilipiga makofi na mimi.

Siku ya Pasaka, tarehe 19 Aprili, mhubiri alisoma habari za wale wanawake waliokwenda kaburini asubuhi na mapema. Hakusema lolote kubwa. Alisema tu kwamba walikwenda mapema kwa sababu walikuwa na kazi ya kumtendea mtu, na kazi ya namna hiyo haingoji jua kupanda. Niliona jasho linanitoka. Jumanne nikakopa fedha kwa rafiki yangu, ambaye yupo hapa leo na hajapata kuzidai, nikaitia barua posta. Ilikuwa imelala sandukuni siku 38.

Nilipokwenda kwa Babu Jumamosi iliyofuata, aliniuliza kama jibu limekuja. Nikamwambia, "Bado, Babu, posta ni mbali." Hilo lilikuwa kosa la pili, nalo kwangu ni zito kuliko la kwanza. Babu alifariki mwezi wa Mei, mvua zikiwa zinakatika. Majirani walimzika siku ile ile, nasi tulipata habari baadaye.

Mwishoni mwa Mei niliitwa getini. Nikamkuta mtu wa makamo, viganja vimechanika kwa miiba ya mkonge, amebeba blanketi jipya begani. Barua ilimfikia, akaomba ruhusa, akapanda basi mpaka Morogoro, kisha gari moshi mpaka Tabora. Alipofika Ntalikwa alikuta kaburi la siku 16.

Siku 16, na barua ilikuwa imelala siku 38. Hesabu hizo hazihitaji mwalimu. Yeye alikuwa hajazijua, kwa sababu barua haikuwa na tarehe. Alikuja kunishukuru. Alinishika mkono akasema, "Wabeja, mwanangu, bila wewe nisingeliona hata kaburi."

Ningaliweza kunyamaza. Niliinama, nikamweleza yote: sarafu, maandazi, sanduku, na uongo niliomwambia baba yake. Alinyamaza muda mrefu, akitazama chini. Nilingoja anipige. Mwishowe akaniuliza, "Una karatasi?" Nikamjibu ninayo. "Basi niandikie mke wangu huko Korogwe kwamba nimefika. Naye anangoja." Niliandika nikiwa nimesimama pale getini. Tulikwenda posta pamoja, alitazama stempu ikibandikwa, alitazama barua ikitumbukia. Blanketi alimpelekea yule mama jirani wa uji. Sikumwona tena.

Ndugu Mwenyekiti, hiyo ndiyo sababu ya kuomba tukutane Ntalikwa. Sikutaka kuyasema maneno haya mahali pengine.

Sasa nijaribu kusema nilichojifunza, kwa ufupi. La kwanza: tendo dogo si dogo kwa anayelingoja. Kwangu ilikuwa stempu. Kwa Babu ilikuwa mtoto wake. Tunapoliita jambo "dogo", tunapima kwa mizani yetu wenyewe.

La pili: wema una siku yake. Yule Msamaria katika Injili alikuwa safarini, tena ana shughuli zake. Alimfunga majeruhi vidonda pale pale, kisha akamwahidi mwenye nyumba ya wageni kwamba akirudi atalipa kilichozidi. Mahubiri mengi huishia kwenye vidonda. Mimi siku hizi naifikiria ile ahadi. Mwenye nyumba alimwamini, na nadhani alimwamini kwa sababu alimwona ni mtu anayerudi.

La tatu: utumishi ni kuendelea. Nawakumbusha Adriano Atiman wa Karema. Alizaliwa yapata mwaka 1866 upande wa Timbuktu, akaibwa akiwa mtoto akauzwa utumwani, akakombolewa na Mapadri Weupe huko Algeria, akapelekwa Malta kusomea uganga. Alitembea na msafara kutoka pwani mpaka Ziwa Tanganyika, akafika Karema mwaka 1889. Akaoa hapo, akatibu watu na kufundisha dini, mpaka alipofariki mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67 mahali pamoja! Mtu aliyeuzwa kama mzigo alitumia maisha yake kuosha vidonda vya watu ambao si wa kabila lake. Sidhani kwamba kila asubuhi alijisikia shujaa. Nadhani aliamka tu, akakuta mgonjwa mlangoni.

Mtaniuliza, leo nani anaandika barua? Kweli, leo kila mtu ana simu. Lakini tazameni: wapo wazee ambao hutumiwa fedha na watoto wao kwa simu, na hawawezi kuzitoa bila kumpa mtu namba yao ya siri. Huyo mtu anaweza kuwa mwizi, na anaweza kuwa wewe. Wapo wagonjwa waliolazwa wasio na ndugu wa kuwaletea chakula jioni. Wapo vijana wa shule yetu wanaotuandikia sisi wakubwa kuomba ushauri tu, si fedha, na ujumbe wao umelala ndani ya simu zetu kama ile barua ilivyolala chini ya mashati. Tafadhali, kila mmoja atoe simu yake sasa hivi, kabla ya chai, amjibu mtu mmoja aliyemngoja. Mwenyekiti atanisamehe, tutachelewa dakika tano.

Nimesema utumishi wa Mkristo kwa sababu ndivyo nilivyoombwa, na ndiyo imani yangu. Lakini aliyenifundisha alikuwa Mwislamu kipofu, na aliyemfundisha yeye alikuwa mwanamke tusiyemjua dini yake. Alimletea mgonjwa uji na kesho yake akarudi. Wenzetu Waislamu mliopo hapa, mnisaidie kuyakumbuka hayo.

Tulipokuwa tukifika leo asubuhi, baadhi yenu mliona nimeweka mtungi na kata pale chini ya mwembe, kando ya njia. Kijana mmoja akaniuliza kama ni mapambo ya sherehe. Hapana. Wenyeji wamekubali kuujaza, nami nimekubali kulipia mtungi mwingine kila unapovunjika. Naomba usiandikwe katika taarifa ya mwaka.