Nani Alitenda Dhambi?

Somo: Yohana 9:1-7

Wanafunzi walipomwona yule kipofu, hawakumwuliza jina lake wala kama amekula. Walitaka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alilikataa swali lenyewe. Alitema mate, akafanya tope, akaanza kazi.

Hapa Lubumbashi sisi wachungaji tumelijibu swali lile mara nyingi mno, na jibu letu linalala usiku kwenye baraza za maduka. Mnawaona watoto wa barabara: wanabeba mizigo sokoni, wanaosha magari, wanajifunika makartoni kwenye baridi ya mwezi wa 6 na wa 7. Kuna waliokimbia njaa, kuna waliofiwa. Lakini wako waliofukuzwa nyumbani kwa neno moja, mchawi, na mara nyingine neno hilo lilitoka madhabahuni.

Mwaka 2003 Gécamines iliachisha kazi watu wapatao 10,000. Nyumba iliyokosa bukari ilitafuta mwenye makosa, na yatima hakuwa na wa kumtetea. Ajabu ni kwamba hatukuletewa hata siku moja mchawi aliye mtoto wa mtoa sadaka kubwa.

Tuungame letu. Miaka 6 iliyopita papa mmoja wa Katuba alituletea mtoto wake wa miaka 9. Mama wa mtoto alikuwa amekufa, na mtoto mchanga wa mama wa kambo alikuwa na homa isiyokwisha. Tulimfungia yule kijana kanisani siku tatu bila chakula, tukimkemea akiri. Siku ya tatu alikiri. Nani asingekiri? Usiku ule alitoroka. Mtoto mchanga alipelekwa hospitali, akapimwa, akakutwa na malaria, akapona kwa dawa.

Juzi tulikuwa sokoni, kijana mmoja akatubebea mfuko wa unga. Ndiye. Alitutambua kabla sisi hatujamtambua. Alituita Papa Pasta, kwa heshima, akauliza jambo moja tu: “Mdogo wangu alipona?”

Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inaadhibu kosa hilo. Ilibidi serikali itufundishe, sisi wenye Biblia mkononi. Na Wakatoliki, ambao tunawasema sana, Wasalesiani wao kule Bakanja wamekuwa wakiwapokea watoto hawa, huku sisi tukiwapita tukienda kwenye maombi.

Kijana ametupa ruhusa kuyasema haya. Jumamosi hii tutakwenda naye Katuba, pamoja na wazee wawili wa kanisa. Hatuendi kukemea pepo. Tunakwenda kumwambia baba yake kwamba waliokosa ni sisi, naye mtoto hakuwa na kosa. Hatujui kama atatufungulia mlango. Mtuombee.