Namba za Kutokea na Misimbo ya Nchi: Mada kwa Makatibu Muhtasi na Wapokezi wa Simu



Chukueni karatasi yoyote ya barua yenye kichwa cha ofisi. Pale juu, chini ya sanduku la posta, ofisi nyingi za Dar es Salaam zimeandika simu yao hivi: +255 (0) 22, kisha namba yenyewe. Nia ilikuwa njema, kwamba mtu wa Mwanza aione sifuri yake na mgeni aione 255 yake. Sasa mfikirie mteja aliyeko Muscat. Namba za Oman zina tarakimu nane na hazitanguliwi na sifuri, kwa hiyo kwao hakuna mazoea ya kuiondoa. Anabonyeza 00, anafuatisha 255, anafuatisha 0, halafu 22 na zilizobaki. Simu haiiti. Anajaribu tena, haiiti, na anahitimisha kwamba ofisi imehama au imefungwa.

Tatizo hili linatokana na kuchanganya vitu vitatu ambavyo kila kimoja kina mwenyewe. Namba ya kutokea, yaani tarakimu zinazobonyezwa kwanza ili simu itoke nje ya nchi, ni mali ya nchi aliyomo mpigaji. Msimbo wa nchi ni mali ya nchi inayopigiwa. Na ile sifuri ya mwanzo ni ya matumizi ya ndani tu. Kazi yake ni kuieleza mitambo kwamba simu inavuka eneo kwenda eneo jingine la nchi hiyohiyo. Anayepiga kutoka nje huiacha. Italia ni tofauti hapa: sifuri ya simu za mezani haiondolewi, na ukiipigia Roma kutoka popote utabonyeza 39 kisha 06.

Misimbo ya nchi imepangwa vizuri. Inasimamiwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lenye makao yake Geneva, na mpango wake ulienea duniani miaka ya 1960. Tarakimu ya kwanza huonyesha eneo: 1 ni Amerika Kaskazini, 2 sehemu kubwa ni Afrika, 3 na 4 ni Ulaya. Ndiyo maana sisi na majirani tunafuatana: Kenya 254, Tanzania 255, Uganda 256, Burundi 257. Zanzibar ilitengewa 259, lakini haikutumika kamwe. Visiwani hupigiwa kwa 255 kisha 24.

Kwenye namba za kutokea mambo ni shaghalabaghala. ITU inapendekeza 00, na nchi nyingi zimekubali, ingawa kwa kuchelewa: Uingereza ilitumia 010 hadi Aprili 1995, na Ufaransa ilikuwa na 19 hadi Oktoba 1996. Marekani na Kanada bado zina 011. Japani ina 010, Nigeria 009, Australia 0011. Kule Brazili, baada ya 00, mpigaji huongeza tarakimu mbili za kampuni anayotaka imsafirishie simu.

Na sisi? Kwa simu ya mezani, Tanzania, Kenya na Uganda zina sifuri tatu, 000. Wengi huona ni sifuri moja ya ziada isiyo na maana, lakini maana ipo. Mitambo husoma tarakimu moja baada ya nyingine. Ikishapokea 00, inasubiri ya tatu ndipo iamue njia. Ikija 5, simu inakwenda Kenya; ikija 6, Uganda; ikija 7, Tanzania. Ikija 0, simu inatoka kwenda duniani. Kwa hiyo aliyeko Arusha anaweza kuipigia Nairobi kwa 005 bila kuigusa 254, na aliyeko Kampala akatufikia kwa 007. Jirani amewekewa njia yake. Nchi hizi tatu zilikuwa na shirika moja la posta na simu, makao yake makuu yakiwa Kampala, mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipovunjika mwaka 1977. Binafsi naona 005, 006 na 007 ni urithi wa kujivunia, na inasikitisha kwamba hata baadhi yetu tunaokaa kwenye swichibodi hatuzijui.

Lakini mazoea ya nyumbani hayasafiri. Mtanzania aliyefika Australia akibonyeza 000 ili apige nyumbani, ataipata huduma ya dharura, maana hiyo ndiyo namba yao ya polisi, zimamoto na gari la wagonjwa. Vilevile, 011 ambayo kwa Mmarekani ni njia ya kutokea nje, zamani ilikuwa namba ya eneo la Mombasa.

Dawa ni alama ya kujumlisha. Kwenye simu ya mkononi mara nyingi hupatikana kwa kuibonyeza sifuri na kuishikilia. Alama hii huuarifu mtandao kwamba namba inayofuata ni ya kimataifa na inaanza na msimbo wa nchi. Mtandao wenyewe ndio unaotafuta njia ya kutokea. Namba ileile iliyohifadhiwa kwa + itaita ukiwa Tabora, London au Toronto.

Kwa hiyo tuandike kwa mistari miwili: wa kwanza 022 na namba, kwa watu wa ndani, wa pili +255 22 na namba, kwa wa nje. Mabano na sifuri katikati viondoke. Tusiandike 000 255 pia, kwa sababu 000 ni ya kwetu na haimhusu mgeni.

Neno moja kuhusu wanaobipu. Simu ikiita mara moja na kukatika, someni msimbo kabla ya kurudisha. Namba inayoanza na +1 876 ni ya Jamaika, si ya Marekani, na matapeli hutegemea tupige bila kuangalia ili wagawane gharama ya simu hiyo.

La mwisho ni la wakubwa wetu wanaosafiri. Simu zao zimejaa namba zilizohifadhiwa kwa 07. Bosi akifika Nairobi na laini ya huko, akaibonyeza namba hiyo, ataita simu ya Mkenya asiyemfahamu, kwa sababu Kenya nao wana namba za tarakimu kumi zinazoanza na 07. Naomba kila mshiriki, kabla ya safari ijayo ya mkuu wake, akae na simu hiyo na kubadilisha kila 07 ya Tanzania iwe +255 7.