Mikono Tunayo: Piano na Watoto wa Mpakani



Nimeombwa nizungumzie maisha ya mpiga piano wa muziki wa klasiki. Huenda mzazi wa Busia au Tororo, hapa mpakani mwa Kenya na Uganda, anajiuliza jambo hilo linamhusu nini. Nitamjibu kwa kumsimulia habari za mwana wa Afrika Mashariki.

Girma Yifrashewa alizaliwa Addis Ababa mwaka 1967. Ala ya utoto wake ilikuwa kirar, ala ya nyuzi ya Ethiopia, ndugu wa litungu ya Waluhya na nyatiti ya Wajaluo. Piano alikutana nayo akiwa na miaka 16, alipoingia Shule ya Muziki ya Yared. Katika fani hii umri huo huhesabiwa kuwa mkubwa, kwa sababu wengi huanza kabla ya miaka saba. Hata hivyo alisonga mbele, akapata ufadhili wa kusoma katika chuo cha muziki cha Sofia, Bulgaria. Utawala wa kikomunisti ulipoanguka huko, masomo yake yalikatika, akaenda kujihifadhi Italia. Baadaye alirudi Sofia, akamaliza alichokianza.

Kisha akarejea nyumbani na kufundisha palepale Yared hadi mwaka 2001. Jukwaani hupiga kazi za Chopin na Debussy, na pamoja nazo tungo zake mwenyewe, zilizojengwa juu ya skeli za noti tano za Ethiopia. Katika utungo wake kuhusu mchungaji na filimbi, piano inabeba sauti ya malishoni. Mwaka 2014 santuri yake ya *Love & Peace* ilitolewa Marekani, nayo ni piano peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Funzo ninalolipata ni hili: Girma hakuanza na mikono mitupu. Kirar ilikuwa imekwisha kufundisha vidole vyake kusikia, kukumbuka na kusubiri.

Sasa tujitazame. Mwaka 1902 Waingereza waliukata mkoa wa mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya jirani, ambayo leo ni Kenya. Watu wa jamii ya Iteso wakajikuta pande mbili za mstari, lakini muziki wao haukugawanyika. Hadi leo akogo, ala yao inayopigwa kwa vidole gumba, inapigwa Tororo na inapigwa Teso ya Kenya. Mtazameni kijana anayeipiga: kidole gumba cha kulia kinafuata njia yake, cha kushoto njia nyingine, na mdomo unaimba njia ya tatu. Mwanafunzi wa piano huhangaika kwa miaka ili mkono mmoja usiuburute mwenzake. Kijana wetu amelijua jambo hilo tangu akiwa anachunga mbuzi.

Mikono tunayo. Tunachokosa ni vitu vitatu: ala, mwalimu na utunzaji. Piano ina vibao 88 na nyuzi zipatazo 230, zilizokazwa juu ya fremu ya chuma kwa nguvu inayozidi tani 15. Mbao zake huvimba wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi, na kila zinapobadilika sauti nayo inapotoka. Kwa hiyo inahitaji fundi wa kuituni angalau mara mbili kwa mwaka. Nikiwa mtoto niliiona piano katika kanisa moja la huku kwetu. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cha meza, na juu yake pamewekwa chombo cha maua. Maji yalipenya, mchwa wakamaliza kazi. Hakuna aliyekusudia ubaya. Hapakuwa tu na mtu aliyefundishwa kuitunza. Naamini katika miaka ile yote alipita hapo mtoto ambaye angeweza kuwa Girma wetu.

Wapo watakaosema piano ni ya wageni, tulinde ala za kwetu. Nawaheshimu, lakini Girma ameonyesha kwamba anayeijua kirar vizuri ndiye anayekuwa na jambo la kusema kwenye piano. Mtoto afundishwe akogo kwanza, afundishwe na mzee anayeijua, na mzee huyo alipwe kama mwalimu yeyote. Piano ifuate, isichukue nafasi yake.

Mwaka 2018 marais wetu wawili walizindua kituo cha pamoja cha mpakani hapa Busia, ili lori likaguliwe mara moja tu badala ya mara mbili. Tuliweza kukubaliana kuhusu malori. Tukubaliane pia kuhusu watoto: chumba kimoja kisichovuja, piano moja iliyotuniwa, fundi mmoja aliyesomeshwa na mwalimu mmoja anayepokea wanafunzi wa pande zote mbili bila kuuliza kitambulisho. Kaunti ya Busia upande wa Kenya na wilaya za Busia na Tororo upande wa Uganda zikichanga pamoja, mzigo huo haumshindi yeyote.

Nawaomba tuanze mwaka huu. Girma alianza akiwa na miaka 16. Wapo watoto katika ukumbi huu ambao hawajafika umri huo.