Kivuli cha Kahawa Kina Msimu Wake



Swali ninalowaletea leo halikosekani popote wanapokaa wakulima wa Umatengo, hapa Mbinga: kahawa ipandwe juani au chini ya miti? Huulizwa kana kwamba lina jibu moja, na ushauri wa kitaalamu nao umekuwa ukiyumba, mara miti ikatwe, mara irudishwe. Mimi naona swali hilo limepungukiwa na neno "lini". Kivuli kinachoiokoa kahawa mwezi Septemba ndicho kinachoiuguza mwezi Februari.

Arabika asili yake ni misitu ya nyanda za juu kusini-magharibi mwa Ethiopia, na huko iliota chini ya miti mirefu kuliko yenyewe. Jani lake hushiba mwanga mapema. Jua la mchana likizidi kiwango, jani haliongezi chakula hata kidogo. Hupata joto, hufunga matundu yake ya kupumulia na kungoja jioni. Kwa hoja hiyo peke yake tungefunika kila shamba.

Lakini sisi hatuvuni majani. Wenzetu wa Paraguay, kusini mwa Brazil na jimbo la Misiones kule Argentina wana mti uitwao yerba mate, ambao majani yake hukaushwa na kunywewa kama chai. Nao ni mti wa chini ya msitu, nao wakulima wengi wameutoa msituni wakaupanga mistari juani. Ukiwekwa kivulini hutoa jani pana lisilo nene, na kwa kuwa jani ndilo linalouzwa, mkulima ana sababu ya kulifurahia. Kahawa haitoi ruhusa hiyo. Tunda hutoka kwenye ua, ua hutoka kwenye pingili, na pingili iliyokosa mwanga hutoa maua machache. Kivuli kizito hukupa mti mzuri wa kutazama usio na cha kuchuma.

Upande wa pili wa jambo hili unauma zaidi. Mti ulioachwa juani, ukipata mwaka mzuri, hubeba matunda mengi kuliko majani yake yanavyoweza kuyalisha. Matunda hunyonya akiba yote, majani hupukutika, matawi hukauka kuanzia nchani, na msimu unaofuata mwenye shamba anachuma kiganja. Mwenye mbolea ya kutosha anaweza kuubeba mti huo. Ruzuku za pembejeo zilipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na chama kikuu cha ushirika cha Mbinga, MBICU, kikaanguka katikati ya miaka hiyohiyo, kaya nyingi ziliachwa na miti ya kahawa bila mbolea ya kuilisha. Ndiyo maana naona ni kosa kumwambia mkulima asiye na mfuko hata mmoja wa mbolea akate miti yake ili apate mavuno makubwa. Kivuli cha wastani huupunguzia mti mzigo, na mavuno hayapandi sana wala kushuka sana mwaka hadi mwaka.

Sasa tutazame anga letu. Mbinga ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, kisha kiangazi kirefu. Masika, mawingu yenyewe ni kivuli. Ukiongeza juu yake miti iliyosongamana, majani na matunda mabichi hukaa na unyevu hadi mchana, na huo ndio mlango wa chulebuni na kutu ya majani. Aina chotara za Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, yenye kituo chake hapa Ugano, zinastahimili magonjwa hayo mawili, lakini mibuni ya zamani ingali mingi vilimani.

Kuna jambo ambalo sijasikia likitajwa kwenye mafunzo ya wakulima. Sisi tuko karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Juni, saa sita mchana, jua liko upande wa kaskazini, na kwenye tambarare mti wa mita 10 hutupa kivuli cha karibu mita 7 kuelekea kusini. Mwishoni mwa Desemba jua limevuka upande wa kusini na linakaribia utosini. Mti uleule hutupa kivuli cha mita 2 hivi kuelekea kaskazini. Maana yake, mti wa kivuli kama mgrivea uliopandwa kaskazini mwa mibuni huifunika saa za mchana kiangazi kinapoanza, na masika huiachia mwanga. Uliopandwa kusini hauna faida hiyo. Na katika vilima vyetu, mteremko unaotazama kusini hurefusha kivuli cha Juni, wakati ambapo baridi tayari ni kali, kwa hiyo unahitaji miti michache kuliko mteremko wa ng'ambo ya kijito unaotazama kaskazini. Shauri moja la idadi ya miti kwa ekari haliwezi kutosha ntambo nzima, yaani kilima kizima kati ya kijito na kijito.

Tukishuka hadi Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, ziwa liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto la huko si la arabika. Ila kandokando ya Ziwa Nyasa, hasa upande wa Malawi, kuna mti unaonivutia sana: mkababu, kwa Kilatini Faidherbia albida. Hupukutisha majani masika na kuyavaa kiangazi, kinyume cha miti mingine, na wakulima wa Malawi hupanda mahindi chini yake bila kuyanyima mwanga. Ningependa tuujaribu kwenye miteremko ya chini kabla hatujauahidi kwa mtu yeyote.

Kwa miti iliyopo, dawa ni panga. Iachwe na majani yake kiangazi, ipogolewe mvua zinapokaribia, mibuni ikijiandaa kuchanua. Wala si elimu ngeni. Anayetunza kitalu huezeka nyasi juu ya miche na kuzipunguza kidogo kidogo hadi miche ikomae. Anayeanika kahawa ya maganda huifunika jua la mchana lisije likaipasua, kisha huifunua. Wote wanapima kivuli kwa saa na kwa wiki.

Kikwazo kikubwa nakiona jikoni. Matawi hayo ni kuni, na kuni huhitajika sana Juni na Julai, wakati wa baridi na wa wachumaji kulishwa. Mama anayekata tawi miezi hiyo anapika. Huwezi kumwandikia kalenda ya kupogoa Oktoba bila kumwonyesha kuni za Juni zitatoka wapi. Kwa hiyo napendekeza tuijaribu kalenda hiyo, na majaribio yaanze na safu ya miti ya kuni mpakani mwa shamba, na wanawake wa kaya hizo wawe ndio wanaoamua safu hiyo ikatwe lini.