Hadithi Kwanza, Funzo Baadaye: Uandishi wa Watoto wa Kikristo Wanaosomea Nyumbani



Mada ya leo ni uandishi wa kubuni na mazoezi ya lugha kwa watoto wa Kikristo wanaosomeshwa nyumbani. Ni mada inayopita kando ya mihadhara yetu mingi, kwa kuwa watoto hao hawamo katika madarasa tunayoyatafiti. Hata hivyo, wazazi wao wamerithi mbinu za kufundisha lugha zenye umri wa zaidi ya karne moja, na mbinu hizo zinastahili kupimwa hadharani. Hoja yangu ni hii: mtoto hujifunza kuandika kwa kusimulia alichokisikia, na nyumba ya Kikristo hukidumaza kipaji hicho kila inapodai funzo kabla ya hadithi.

Tuanze na chimbuko. Charlotte Mason alizaliwa Wales mwaka 1842, akafiwa na wazazi wake akiwa bado kijana, akashika kazi ya ualimu. Mihadhara aliyowapa wazazi wa mji wa Bradford ilizaa kitabu chake *Home Education*, kilichotoka mwaka 1886. Mwaka 1891 alianzisha shule ya posta: familia zilipelekewa ratiba ya vitabu vya muhula, watoto wakasoma nyumbani, na mwisho wa muhula majibu yao ya mtihani yakatumwa yakasahihishwe. Mwaka uliofuata alifungua chuo cha walimu Ambleside, kaskazini mwa Uingereza, akakaa huko hadi alipofariki mwaka 1923. Alikuwa Mkristo wa Kanisa la Anglikana, na msingi wa kazi yake ulikuwa imani kwamba mtoto ni mtu kamili tangu azaliwe, mwenye akili yake, wala si debe la kujazwa.

Kutokana na imani hiyo alikataa kuwadai watoto wadogo insha. Alitaka wasimulie. Mwalimu husoma kifungu cha kitabu kizuri mara moja tu, kisha mtoto wa miaka sita au saba hukieleza kwa maneno yake, na mwalimu hamkatizi hata akikosea. Kusoma mara moja kunamfundisha kutega sikio, kwa kuwa anajua hapatakuwa na marudio. Kutokatizwa kunampa nafasi ya kupanga mwenyewe: lipi litangulie, lipi lifuate, lipi liachwe. Hiyo ndiyo kazi ya mwandishi, na mtoto anaifanya kabla vidole vyake havijazoea kalamu. Akifikia miaka tisa au kumi, anaanza kuandika alichokuwa akikisema.

Pembeni ya usimulizi kulikuwa na mazoezi mawili. La kwanza ni kunakili: mistari michache, kwa mwandiko safi, na kazi inakomeshwa kabla mtoto hajachoka. La pili ni imla, lakini si ile ya kuwatega watoto. Mtoto alipewa kifungu mapema, akayatazama maneno magumu mpaka aweze kuyaona akifumba macho, ndipo akasomewa aandike. Akikosea neno, mwalimu alilifunika upesi kwa kipande cha karatasi, jicho lisije likazoea kosa. Mwalimu yeyote wa Kiswahili aliyeona mwanafunzi akiandika “hatari” kwa “athari” atajua thamani ya hadhari hiyo.

Mbinu hizi zilivuka bahari. Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Raymond Moore, Mwadventista aliyekuwa amefanya kazi katika idara ya elimu ya serikali, alizungumza katika kipindi cha redio cha James Dobson, na Wakristo wengi wakaanza kufikiria kuwasomesha watoto nyumbani. Mwaka 1984 Susan Schaeffer Macaulay alitoa kitabu *For the Children's Sake*, akamrudisha Mason katika masikio ya wazazi hao, na miaka michache baadaye vitabu vya Mason vikachapishwa upya. Lakini kulikuwa na njia nyingine. Accelerated Christian Education, iliyoanzishwa Texas mwaka 1970, ilieneza vijitabu ambavyo mwanafunzi huvisoma peke yake, hujaza nafasi zilizoachwa wazi na kujisahihisha. Njia zote mbili zimefika Afrika Mashariki. Ya pili humpunguzia mzazi kazi, nami siidharau, hasa pale mama ana watoto wanne wa rika tofauti. Ila kwa upande wa uandishi ina upungufu mkubwa: anayejaza neno moja katika sentensi ya mtu mwingine hajawahi kuamua sentensi ianzie wapi.

Sasa niguse jambo nyeti. Mzazi Mkristo anataka uandishi wa mtoto umjenge kiroho, na ana haki hiyo. Shida ni kwamba insha nyingi za watoto hao zinafika kwenye funzo kabla hazijafika kwenye tukio. Mtoto anaandika juu ya Daudi na Goliathi, na katika sentensi ya pili anatuambia tumtegemee Mungu. Hatujaona jitu, hatujaona bonde, hatujasikia kejeli za ndugu mkubwa wa Daudi.

Biblia yenyewe haifanyi hivyo. Katika Samweli wa Pili sura ya 12, nabii Natani anamwendea mfalme Daudi, mwenye hatia kubwa. Haanzi na kemeo. Anasimulia habari za maskini na mwanakondoo wake aliyekula chakula chake na kulala kifuani pake, na za tajiri aliyemchukua mwanakondoo huyo ili amwandalie mgeni. Daudi anawaka hasira na kutoa hukumu, ndipo anapojulishwa kwamba amejihukumu mwenyewe. Kama Natani angetanguliza funzo, huenda asingemaliza sentensi. Yesu naye alifundisha kwa mifano, na katika Luka 15 mfano wa mwana mpotevu unamwacha kaka mkubwa nje ya karamu, bila kutuambia kama aliingia. Pengo hilo ni zawadi kwa mwalimu wa uandishi. Mpe mtoto wa miaka kumi na miwili kazi ya kuyaandika maneno ya huyo kaka usiku ule, kwa sauti yake, bila kumsahihisha imani. Mtoto aliyemwelewa kaka mkubwa ameuelewa mfano.

Zaburi nazo ni karakana. Mstari hutoa wazo, na ule unaoufuata hulirudia kwa sura nyingine au hulipinga. Mpe mtoto mstari wa kwanza alioutunga mzazi, naye atafute wa pili. Zaburi ya 119 ina beti 22, moja kwa kila herufi ya Kiebrania, na kila ubeti una mistari minane. Washairi wa Pwani yetu nao walitunga kwa kufuata mpangilio wa herufi za Kiarabu. Mtoto akitunga kwa kufuata herufi za jina la ndugu yake, anaingia katika mila kongwe kuliko shule.

Hapo ndipo tunapofika nyumbani. Familia nyingi za Afrika Mashariki zinazosomesha watoto wao nyumbani hutumia mitaala ya Marekani au Uingereza, na Kiswahili hubaki somo la mara mbili kwa wiki. Mtoto anasimulia kwa Kiingereza na kujaza mapengo kwa Kiswahili. Hali hiyo haina sababu, kwa maana lugha yetu ina hazina ya Kikristo ya kutosha. Mathias Mnyampala wa Dodoma, Mgogo na Mkatoliki, alitunga *Utenzi wa Enjili Takatifu* na *Utenzi wa Zaburi*, naye ndiye aliyekuza ngonjera, ushairi wa watu wanaojibizana jukwaani. Kwa hiyo zoezi la wiki linaweza kuwa hivi. Jumatatu mzazi anasoma sura ya kwanza ya Kitabu cha Ruthu, watoto wanasimulia. Jumatano wananakili ubeti mmoja wa utenzi na kuhesabu mizani kwa vidole: vipande vinne, mizani minane kila kimoja, vina vya vitatu vya kwanza vikifanana na cha nne kikidumu hadi mwisho wa utenzi. Ijumaa wanatunga ngonjera ya Naomi, Ruthu na Orpa katika njia panda ya kurudi Bethlehemu, na Orpa naye apewe hoja za maana.

Kasoro moja haiponyeki ndani ya nyumba peke yake. Mtoto anayesomea nyumbani ana msomaji mmoja, naye ni mama yake, ambaye anamwelewa hata kabla hajamaliza sentensi. Mwandishi hukomazwa na msomaji asiyemjua. Mason alilitatua hilo kwa posta, kwani karatasi za watoto zilisomwa na watu wa Ambleside ambao hawakuwahi kuwaona. Sisi tuna njia rahisi zaidi: familia tano zibadilishane maandishi kila mwezi, na kanisa liwaachie watoto dakika kumi za kusoma tungo zao mbele ya waumini, si wakati wa Krismasi peke yake.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Wazazi, someni kwa sauti kila siku, kisha nyamazeni mtoto asimulie. Wachungaji na mapadri, acheni watoto wamalize hadithi kabla hamjaiombea. Nasi wa vyuo vikuu tuandae vitabu vya kusomea kwa sauti katika Kiswahili sanifu na chenye ladha, kwa kuwa mzazi hawezi kusoma kitabu ambacho hatujakiandika.