Masaa 48 ya kwanza: maneno yetu kwa vijana na maavoka, Kamanyola

Dada na kaka, wamotari muliosimamisha pikipiki juu ya kutusikiliza, mama zetu wa soko, na ninyi Maitre mulioshuka Ngomo kutoka Bukavu ao mulipanda kutoka Uvira: maneno haya ni yenu wote. Jua ni kali na hapa hakuna upepo, kwa hiyo hatutawasomea sheria nzima. Tumekuja juu ya kitu kimoja: masaa 48 yanayofuata kisha mtu kukamatwa.

Tulichagua hayo juu kila mara tunapoitwa usiku, "mwenzetu amefungwa," tunakuta mambo mawili. Familia iko inatafuta pesa. Na avoka, kama yuko, anaambiwa asubiri faili ifike kwa parke, ndipo aingie. Yote mawili ni makosa, na ya pili ndiyo inazaa ya kwanza.

Katiba yetu ni ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 18 kinasema mtu anayekamatwa anapashwa kuambiwa palepale sababu ya kukamatwa kwake, tena kwa lugha anayoifahamu. Ana haki ya kuwasiliana mara moja na familia yake ao na mtetezi wake. Polisi hawana ruhusa ya kumushika kupita masaa 48; kisha hapo aachiliwe, ao awekwe mikononi mwa wenye sheria. Kifungu cha 19 kinaongeza kwamba kila mtu anaweza kusaidiwa na mtetezi aliyemuchagua mwenyewe, kwa kila hatua ya kesi ya jinai, na hapo ndani kimetaja uchunguzi wa polisi. Tangu kwa polisi, Maitre. Si tangu mahakamani. OPJ anayemwambia avoka "subiri parke" anasema kitu ambacho Katiba imekwisha kukataa.

Watu wa Kamanyola munajua bei ya jambo hili kuliko wengine. Tarehe 15 Septemba 2017, wakimbizi wa Burundi waliokuwa wanaishi hapa walitoka kudai wenzao wanne waliokuwa wameshikwa na ANR. Walikuwa na hofu watarudishwa Burundi. Wanajeshi walifyatua risasi, na zaidi ya watu 30 walikufa, wanawake nao ndani. Hatusemi avoka mmoja angesimamisha risasi. Hiyo ingekuwa kuwasamehe waliofyatua. Tunasema hivi: wameshikwa juu ya nini, wako wapi, watapelekwa wapi na lini, hayo ndiyo maswali ambayo kifungu cha 18 kinaomba yajibiwe mapema. Umati wenye hofu unahitaji mtu mmoja anayeaminika, aliyeingia ndani, aliyemwona mfungwa kwa macho, aliyesoma PV, na anayetoka inje kusema anachojua. Kazi hiyo si ya vuguvugu letu. Ni kazi ya avoka.

Mutatuambia: avoka wa wapi? Ni kweli. Kwa karatasi sisi ni wa teritware ya Walungu, kule juu. Kwa maisha sisi ni wa bonde, soko letu, muchele wetu na barabara yetu vinaangalia Luvungi na Uvira. Mtu akikamatwa hapa, familia haijui ipande ao ishuke. Mvua ikinyesha Ngomo, gari haipiti, na masaa yanahesabika. Kiisha ndugu wanachoka, wanatoa "amande" bila risiti, kijana anatoka, na wiki ijayo anashikwa tena juu walishaona kwamba kwake kunatoka kitu.

Tuseme juu ya hiyo amande. Sheria inajua amande ambayo OPJ anaweza kupendekeza kwa makosa fulani, lakini inalipwa kwa hazina ya serikali. Pesa bila risiti haikuingia hazina. Ombeni risiti kwa sauti ya heshima, mbele ya watu wawili. Mara ingine kuomba tu kunapunguza bei, na mara ingine kunaifuta.

Na deni? Wengi wenu mumekwisha kuona mutu analala kasho juu ya deni la simu, la pikipiki, la gunia la muchele. Kifungu cha 61 cha Katiba kinataja haki ambazo haziguswi hata wakati wa hali ya hatari, na katika hizo kuna marufuku ya kumfunga mtu juu ya deni. Hali ya hatari yenyewe ilitangazwa Mei 2021 kwa Ituri na Kivu ya Kaskazini, si kwetu Kivu ya Kusini, hata kama kuna wakubwa wanaoongea sawa vile inatuhusu. Haki ya kujitetea nayo iko ndani ya orodha hiyo ya kifungu cha 61.

Sasa, Maitre, mutusamehe, tunawaongelea ninyi. Hatukusoma droo. Lakini tumekaa inje ya makasho mengi, tunajua kinachosaidia.

Andikeni saa. Si tarehe tu, saa. Ombeni kuona PV ya kukamatwa na saa iliyoandikwa juu yake, mulinganishe na saa ambayo familia inasema. Mwenzetu mmoja alishikwa Jumatano asubui katika bonde hili, kwa kituo ambacho hatutakitaja. Karatasi ilisema Ijumaa. Kilichomutoa haikuwa hotuba. Ni ujumbe wa simu aliomutumia dada yake Jumatano saa tatu, "wamenishika," na avoka kijana aliyeuonyesha bila kupandisha sauti.

Ombeni PV isomwe kwa lugha ya mwenye kushikwa. PV inaandikwa Kifaransa, mwenye kuhojiwa anajibu Kiswahili, ao Kifuliru, ao Mashi, ao Kirundi, na mwisho anawekewa kidole chini ya maneno asiyoyajua. Muangalie mwili wake pia. Kama kuna kidonda, kiandikwe siku ile ile na muombe munganga: tangu tarehe 9 Julai 2011 tunayo sheria inayoazibu mateso, lakini kidonda hakingoji tarehe ya mahakama, kinapona.

Kama masaa 48 yamepita, andikieni majistra wa parke siku hiyo hiyo, juu yeye ndiye anayesimamia kazi ya OPJ. Na musipumzike faili ikifika kwake. Akitoa manda ya kufunga kwa muda, nguvu yake ni siku 5, kisha mtu afikishwe mbele ya hakimu. Hakimu akikubali, ni siku 15, kisha mwezi kwa mwezi. Kila ngazi kati ya hizo ni mlango wa kuomba mtu afunguliwe, na tumeona milango mingi ikipita bila avoka ndani ya chumba.

Jambo la maskini. Sheria ya tarehe 28 Septemba 1979, ile inayopanga kazi ya maavoka, ya watetezi wa mahakama na ya mawakili wa serikali, ndiyo inaweka ndani ya kila Baro ofisi ya mashauri ya bure. Ofisi iko. Lakini tukienda tunaambiwa tulete kwanza karatasi ya ukosefu. Mama anayeuza ndizi kwa njia ya Bugarama atapata wapi karatasi hiyo ndani ya masaa 48, na ofisi inafungwa Jumamosi? Tunaomba Baro ipange zamu ya avoka kwa bonde, avoka aende kwanza, karatasi ifuate. Mawakili wa serikali wanakuwa na serikali nyuma yao siku zote. Mtoto wa Kamanyola naye awe na mtu mmoja.

Kuna mapya mawili ambayo munapashwa kuyajua, na mumesikia watu wanayachanganya. La kwanza ni sheria namba 23/027 ya tarehe 15 Juni 2023, juu ya ulinzi na wajibu wa watetezi wa haki za binadamu. Ni kitu kizuri kutajwa na sheria. Lakini inamwomba mtetezi ajitambulishe kwa CNDH, tume ya taifa ya haki za binadamu, na atoe ripoti kila mwaka. Sisi tunaona hapo kuna kamba. Maitre, kama kijana hana namba ya CNDH, musikubali mtu aseme kwamba kwa hiyo hana haki. Haki ya avoka ni ya kila mtu, hata mwizi wa kuku.

La pili ni Kodi ya mambo ya numeriki, ya tarehe 13 Machi 2023. Kifungu cha 360 kinaazibu mwenye kuanzisha ao kusambaza habari ya uongo juu ya mtu kwa mitandao: mwezi mmoja hadi sita gerezani, na amande ya franka 500.000 hadi 1.000.000, ao moja kati ya hayo. Musome vizuri: kusambaza. Ile "forward" ya grupu ya WhatsApp iko ndani. Lakini muone pia neno "uongo". Mkubwa akikasirika, hasira yake haitoshi. Avoka aulize tangu PV ya kwanza ni maneno gani hasa yanayosemwa ni uongo, na nani alihakikisha. Mwandishi Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa tarehe 8 Septemba 2023. Hukumu ilitoka tarehe 18 Machi 2024, miezi sita, na miezi hiyo alikuwa amekwisha kuilala Makala. Angalieni namna hesabu ile inaingiana. Azabu ilitangulia, hukumu ikaja kuivalisha nguo. Fred Bauma wa LUCHA naye, alipokamatwa Kinshasa Machi 2015, alikaa zaidi ya mwezi kwa ANR bila avoka, mbele ya kufikishwa kwa wenye sheria. Hao wana jina, dunia iliwapigia kelele. Wa kwetu hawana.

Vijana, upande wetu ni mfupi. Ukikamatwa, usikimbie na usipigane. Uliza juu ya nini. Sema jina la avoka wako. Usitie saini kwa karatasi ambayo hukusomewa. Na ninyi munaobaki inje: mmoja aende kasho na chakula, mmoja apigie avoka, mmoja aandike saa. Si watu hamsini mbele ya mlango wa kituo usiku, tunawaomba.

Kitu kimoja kingine, na hapa hatucheki. Kama kesi ni ya mtoto wa mama aliyebakwa, musituite juu ya kupatanisha. Sheria za Julai 2006 hazikubali kesi hiyo imalizwe kwa amande, na mbuzi inayoletwa kwa baba yake si risiti.

Karatasi ndogo ziko kwa meza, upande mmoja Kifaransa juu ya kumuonyesha OPJ, upande mwingine Kiswahili juu yenu. Nyuma kuna nafasi ya namba tatu za simu: ya ndugu, ya avoka, ya mtu wetu wa zamu. Mujaze hapa hapa, kalamu ziko. Maitre wamekubali kubaki hadi saa kumi. Wamotari waulize kwanza, juu wana kazi.